Mchanga wa Chini na Maji Mapya: Mwongozo wa Tangi la Samaki kwa Nyumba za Butembo na Beni

Samaki wa sebuleni wakianza kufa mmoja mmoja, mwenye tangi hulaumu chakula, au humlaumu aliyemletea samaki kutoka Kampala kwamba alimpa wagonjwa. Mara nyingi sababu iko karibu zaidi. Samaki wengi wa nyumbani huuawa na vitu viwili vilivyowekwa na mwenyewe kwa nia njema: mchanga asioujua ulikotoka, na maji mapya mengi yaliyomiminwa kwa mkupuo.

Miongozo mingi ya kufuga samaki katika kioo imeandikiwa watu wenye bomba jikoni na duka la vifaa mtaani. Kwetu maji huja kwa bidoni kutoka chemchemi, au hukingwa kwenye mabati, au hutoka kwa Regideso, shirika la maji, siku yanapotoka. Mchanga hutoka mtoni, na mto huo huenda umepita sokoni au kwenye machimbo. Tena Butembo iko juu ya mita 1,700, baridi yake si ya kuchezea, wakati Beni iko karibu na mita 1,100 na ina joto zaidi. Mwongozo huu umeandikwa kwa hali hizo.

Kwa nini mchanga si pambo tu

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na chakula kilichobaki kikioza huongeza amonia hiyohiyo. Amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia isipozidi. Bakteria hao hawaishi wakielea majini. Hujishikiza kwenye mchanga, kwenye mawe na ndani ya sponji ya chujio. Ndiyo maana anayeosha kila kitu mpaka king'ae, mchanga kwa sabuni na sponji kwa maji ya bomba, hushangaa samaki wakifa wiki inayofuata katika tangi safi kabisa. Amewafagia waliokuwa wakisafisha maji.

Nitrati haina mlango wa kutokea. Mimea huipunguza kidogo, iliyobaki lazima uitoe wewe kwa kubadilisha sehemu ya maji. Kwa hiyo mchanga na maji ni shughuli moja, na ukikosea kimoja hukiokoi kwa kingine.

Tangi jipya huhitaji wiki 4 hadi 6 kabla ya bakteria kutosha. Katika baridi ya Butembo huchukua muda mrefu zaidi. Anza na samaki wawili au watatu, usianze na kumi.

Mchanga wa kuacha

*Mchanga wa machimbo ya dhahabu.* Huu ndio wa kuogopa kuliko wote. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamatia chembe za dhahabu, na zebaki hiyo hubaki katika mchanga waliokwisha kuuosha. Upande wa Manguredjipa na kwingineko Lubero dhahabu hutafutwa mitoni. Ukiambiwa mchanga umetoka kwenye machimbo, ukatae hata ukipewa bure. Kuuosha hakusaidii. Kuuchemsha au kuukaanga ni hatari kwako na kwa watoto, kwa sababu zebaki ikipata moto hutoa mvuke wa sumu ndani ya jiko lako.

*Mchanga wa mto unaopita mjini.* Kimemi hupita katikati ya Butembo na kupokea kila kitu ambacho mji unakitupa: mafuta ya gereji, sabuni, maji ya vyoo. Chukua mchanga juu ya mji, mahali ambapo watu bado wanateka maji ya kutumia.

*Mchanga wa kiwanja cha ujenzi.* Huwa umechanganyika na saruji na misumari. Saruji hupandisha ukali wa maji upande wa chokaa, na amonia ileile huwa sumu zaidi katika maji ya namna hiyo.

*Mchanga, mawe au samaki kutoka ndani ya Hifadhi ya Virunga*, pamoja na ufuo wa Ziwa Edward. Hifadhi imelindwa tangu 1925. Mapambo ya sebuleni si sababu ya kuigusa.

*Changarawe ya rangi kali.* Kama rangi inabaki kwenye kucha unapoikwaruza, itabaki pia katika matamvua ya samaki.

Mawe ya volkano kutoka Goma yanafaa. Yana vitundu vingi na bakteria huyapenda. Tatizo ni kwamba kingo zake hukata, kwa hiyo yasugue kwa jiwe jingine kwanza, na kama unafuga kambale wadogo, yaache kabisa. Kambale hupapasa chini kwa ndevu zake, na ndevu zikichubuka huoza.

Kuupima mchanga nyumbani

1. Uliza ulikotoka. Muuzaji asiyejua au asiyetaka kusema, usinunue kwake.
2. Chota kiganja kimoja cha mchanga uliolowa na unuse. Harufu ya mafuta, dawa au yai bovu, mwaga.
3. Pitisha sumaku juu ya mchanga mkavu. Ondoa misumari, waya na vipande vyenye kutu.
4. Dondosha siki au maji ya ndimu juu ya mchanga mkavu na juu ya kila jiwe unalotaka kuweka. Inamisha sikio. Kama kuna chokaa, utaona povu dogo na kusikia mchemko hafifu, kama soda inayomalizika. Kama hakuna kinachotokea, chokaa haipo au ni kidogo sana.
5. Jaza robo ya chupa ya kioo kwa mchanga uliooshwa, ongeza maji, iache usiku kucha. Asubuhi maji yawe meupe ya kuonea, bila utando wa mafuta juu yake. Kama bado yametibuka, rudia kuosha. Kama kuna utando, mchanga huo haufai.

Kipimo cha nne kinahitaji maneno zaidi. Vitabu vingi husema chokaa ikatazwe kabisa. Kwetu si hivyo moja kwa moja, kwa sababu inategemea maji yako. Weka maji ya kunywa katika chupa, ongeza kipande kidogo cha sabuni ya mche, tikisa. Povu likijaa upesi, maji yako ni laini, yaani yana madini machache. Maji ya mvua ni hivyo daima, na chemchemi nyingi za milimani pia. Maji laini sana hayana kitu cha kuzuia uchachu usipande: leo yako sawa, baada ya wiki mbili yamechacha na bakteria wamelala. Hapo kifuko kidogo cha kitambaa chenye vijiko viwili vya maganda ya mayai yaliyooshwa, kukaushwa na kupondwa, kikining'inizwa karibu na chujio, husaidia. Kifuko unaweza kukitoa. Mchanga mzima wa chokaa huwezi kuutoa bila kulivunja tangi zima. Kwa hiyo chini weka mchanga usiochemka, na chokaa, ukiihitaji, iwe kifukoni.

Mawe ya chokaa hayako mbali nasi. Mapango ya Mont Hoyo kule Ituri yamechongeka katika chokaa, na Hima karibu na Kasese, ng'ambo ya mpaka wa Kasindi, hutengenezwa saruji kwa sababu hiyohiyo. Jiwe zuri uliloletewa kama zawadi kutoka huko lipime kwanza.

Kuosha na kutandaza

Chukua beseni ambalo halijawahi kufuliwa nguo. Weka mchanga kilo mbili au tatu kwa wakati, si zaidi, mimina maji mpaka yaufunike, ingiza mkono uukoroge kutoka chini. Maji ya kwanza hutoka kama chai ya maziwa. Yamwage. Ya tatu au ya nne utaona vimetameta vyembamba vikizunguka juu na kukawia kushuka. Hizo ni chembe za ulanga, nyepesi, na ukiziacha zitaelea katika tangi kila samaki anapopiga mkia. Endelea kumwaga mpaka uone vidole vyako chini ya maji. Kisha mwagia maji yanayochemka, acha yapoe, mwaga. Usitumie sabuni wala klorini.

Kuhusu ukubwa wa chembe: samaki wa dhahabu huingiza mchanga mdomoni, huuonja na kuutema, mchana kutwa. Changarawe inayolingana na koo lake humkwama. Mpe mchanga laini, au mawe makubwa kuliko mdomo wake, usimpe cha katikati.

Tabaka liwe la sentimita 3. Mchanga laini ukizidi hapo, hewa haifiki chini, na baada ya miezi kadhaa hutokea madoa meusi yenye harufu ya yai bovu. Gesi yenye harufu hiyo ni sumu. Kila wiki pitisha kidole au kijiti taratibu katika sehemu moja ya mchanga, wiki ijayo sehemu nyingine.

Na kama huna uhakika wowote na mchanga uliopo, acha sakafu ya tangi tupu. Weka sponji nzuri na mawe mawili ya volkano yaliyosuguliwa. Halipendezi sana, lakini ni rahisi kulisafisha, na kwa anayeanza mimi ningelichagua hilo kuliko mchanga wa kubahatisha.

> Hesabu ya tangi la kawaida
> Kioo cha sentimita 60 × 30 × 35 huingia lita 63 kikijaa hadi ukingoni.
> Ukitoa mchanga na nafasi ya juu, maji ya kweli ni karibu lita 50.
> Mchanga wa sentimita 3: lita 5.4, karibu kilo 9.
> Robo ya maji kila wiki: lita 12 hivi. Bidoni moja la lita 20 linatosha na kubaki.
> Uzito wote, pamoja na kioo: zaidi ya kilo 65. Meza ya plastiki haitaubeba.

Hesabu hiyo ya bidoni ni muhimu kwa nyumba ambayo maji hubebwa mgongoni. Anayefikiri kwamba samaki watawanyang'anya watoto maji ya kuoga atatulia akijua ni lita 12 kwa wiki, na kwamba maji yanayotoka hayapotei: yamejaa nitrati, na migomba na lengalenga huipenda.

Kila maji na tabia yake

*Regideso.* Huwa na klorini ili watu wasiugue. Kiasi cha kawaida bombani, miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, hakimdhuru mtu, lakini huunguza matamvua ya samaki na kuua bakteria. Mimina katika ndoo pana, iache wazi saa 24. Kosa linalorudiwa ni kuyalaza ndani ya bidoni lililofungwa: shingo ni nyembamba, kifuniko kimekazwa, klorini haina pa kutokea, na asubuhi iko palepale. Kama huna saa 24, kipande kidogo cha kidonge cha vitamini C kisicho na rangi wala sukari, kilichopondwa na kukorogwa katika ndoo ya lita 20, huiondoa klorini kwa dakika chache. Vile vya kumung'unya vya rangi ya chungwa havifai.

*Chemchemi.* Haina klorini, isipokuwa wakati wa kipindupindu ambapo watu wa afya hutia dawa katika kila bidoni mahali pa kuchotea. Uliza kabla ya kubeba. Maji yanayotoka ardhini mara nyingi yana hewa kidogo na gesi ya kaboni nyingi, kwa hiyo nayo yaache wazi usiku kucha, au yamwage kutoka ndoo hadi ndoo mara ishirini kwa urefu wa mkono.

*Mvua.* Acha dakika kumi za kwanza zioshe paa, ndipo ukinge. Mabati yaliyopakwa rangi majuzi, usikinge. Usitumie mvua peke yake. Changanya nusu kwa nusu na maji ya chemchemi, na kifuko cha maganda ya mayai kiwepo.

> Onyo: ndoo za kunawia mikono
> Tangu Ebola ya 2018 hadi 2020, nyumba na makanisa mengi ya Beni na Butembo yana ndoo zenye koki. Maji ya kunawia mikono yalikuwa na klorini ya asilimia 0.05, yaani miligramu 500 kwa lita, mara elfu moja au zaidi ya maji ya bomba. Glasi moja ya robo lita ya maji hayo ikiingia katika tangi la lita 60 inatosha kuua.
> Ndoo ya namna hiyo usiifanye ya samaki. Nunua ndoo moja mpya, iandike SAMAKI kwa wino usiofutika, na nyumba nzima ijue kwamba haiguswi na sabuni wala dawa. Mkono uliotoka kunawa kwa klorini usuuze kwa maji safi kabla ya kuuingiza tangini.

Baridi na hewa

Chumba kisicho na moto Butembo huacha maji ya tangi karibu na nyuzi 17 hadi 20. Samaki wa dhahabu huona raha hapo. Gapi na wenzake wa nchi za joto hutaka nyuzi 22 kwenda juu, kwa hiyo Beni wanaishi bila shida na Butembo wanateseka. Kununua samaki wa dhahabu ni rahisi kuliko kupigana na baridi kwa umeme unaokatika. Vifaranga vya tilapia kutoka bwawa la jirani navyo hupendeza vikiwa vidogo, lakini tilapia hukua mpaka kilo moja na zaidi. Kioo si nyumba yake.

Kwenye kimo cha Butembo maji hushika hewa pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko pwani, yakiwa na joto lilelile. Baridi hurudisha sehemu ya hewa hiyo. Ukipasha maji, unaipoteza tena. Weka pampu ndogo ya hewa inayoweza kutumia betri ya sola, na usijaze samaki.

Kipimajoto cha homa hakifai hapa, kwani huanza kusoma juu ya nyuzi 30. Tafuta cha maji. Ukikikosa, tumbukiza mkono mmoja tangini na mwingine ndooni kwa wakati mmoja. Ukihisi tofauti, maji ya ndoo bado hayajawa tayari.

Kubadilisha maji, hatua kwa hatua

1. Jana yake andaa maji katika ndoo pana, ndani ya chumba kilekile chenye tangi, ili joto lifanane.
2. Zima pampu na kifaa chochote cha kupasha. Kikibaki nje ya maji huku kinawaka, kioo chake hupasuka.
3. Chukua mpira wa mita moja na nusu. Uzamishe wote ndooni mpaka ujae maji, ziba ncha zote mbili kwa vidole, ingiza ncha moja tangini, nyingine ishushe katika beseni lililo chini, achia. Usivute kwa mdomo. Maji ya samaki yana vijidudu vinavyoumiza mtu pia.
4. Pitisha ncha ya mpira juu kidogo ya mchanga, ukinyonya uchafu. Fanya nusu ya sakafu leo, nusu nyingine wiki ijayo.
5. Simama ukishatoa robo. Usivuke theluthi.
6. Kama chujio limeziba, kamua sponji ndani ya maji uliyoyatoa, si bombani.
7. Linganisha joto. Tofauti isizidi nyuzi 2. Ndoo ikiwa baridi, ongeza maji ya moto kutoka chupa ya chai kidogokidogo, ukikoroga na kupima.
8. Weka kisahani juu ya mchanga, mimina polepole juu yake, ili mchanga usitimke.
9. Washa pampu. Keti uwatazame dakika kumi. Wakipumua juu ya maji au kukimbia huku na huku, kuna jambo.

Katika wiki 6 za kwanza, badilisha asilimia 10 hadi 15 kila baada ya siku mbili. Baada ya hapo, robo kwa wiki.

Kuongeza maji yaliyopungua kwa kukauka si kubadilisha. Yanayokauka ni maji tu. Nitrati na chumvi hubaki, na kila unapojaza unaziongeza. Tangi lililojazwa tu kwa miezi mingi bila kubadilishwa lina maji yaliyo mbali sana na ya chemchemi, na hilo ndilo ambalo mtu huliosha siku moja kwa maji mapya matupu, samaki wakafa jioni. Ukirithi tangi la namna hiyo, badilisha asilimia 10 kila siku ya pili kwa wiki tatu, bila haraka.

Maji unayoyatoa yamwage bustanini, kamwe si mtoni, na samaki usiowataka usiwaachilie Kimemi wala katika bwawa la mtu. Sangara aliyeletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960 aliangamiza mamia ya aina za samaki wadogo waliokuwa hapo. Mpe jirani.

Ukilazimika kuondoka

Wapo wasomaji wa Beni ambao siku nyingine huondoka nyumbani ghafla, na samaki si wa kwanza kukumbukwa. Basi ijulikane: samaki wakubwa wenye afya hukaa wiki moja bila chakula na hawafi. Kinachowaua ni kiganja cha chakula kilichotupwa mlangoni kwa huruma, kikaoza. Usiweke chochote. Ukipata dakika tano, toa robo ya maji, weka yaliyoandaliwa, funika tangi kwa wavu, na acha pampu kwenye sola.

Klorini ikiingia kwa bahati mbaya

Hili hutaka uamuzi wa haraka, na ndiyo hali pekee ambayo kanuni ya theluthi huvunjwa.

1. Usingoje dalili. Hamisha samaki mara moja kwenye ndoo ya maji yaliyoandaliwa, yenye joto linalolingana.
2. Kama hakuna maji yaliyoandaliwa, ponda kidonge kizima cha vitamini C kisicho na rangi, koroga tangini, washa pampu kwa nguvu zote.
3. Toa nusu ya maji ya tangi, weka maji ya chemchemi. Baada ya saa moja rudia.
4. Hesabu kwamba bakteria wamekufa. Tangi limekuwa jipya: wape samaki chakula kidogo mara moja kila siku mbili, badilisha asilimia 15 kila siku ya pili kwa wiki 6, na omba mkono mmoja wa mchanga au kipande cha sponji iliyotumika kutoka tangi la jirani lenye samaki wazima, ukilete kikiwa kimelowa.